Eti Mlevi Akiamua Ataacha

Ukitaja uraibu kijiweni Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, utajibiwa haraka: hayo ni mambo ya mateja wa Dar es Salaam na Tanga, vijana wa unga wanaolala vichochoroni. Kigoma ina walevi tu. Na mlevi, kwa imani iliyoenea kutoka mwalo wa Kibirizi hadi Kasulu, ni mtu aliyekosa adabu au aliyekosa shughuli. Akiamua, ataacha.

Imani hiyo ni ya uongo, na inaua.

Nenda mwaloni alfajiri, mitumbwi ya dagaa inapoingia. Hakosekani mtu ambaye, kabla hajaonja kitu, vidole vyake haviwezi kufungua fundo la kamba. Jasho linamtoka katika baridi ya ziwa. Glasi ya kwanza ya gongo anaikamata kwa mikono miwili isimwagike. Baada ya muda ametulia, anashusha mzigo kama wengine. Wenzake wanacheka: jamaa amezimua. Teja wa Manzese akitetemeka vivyo hivyo kwa kukosa kete, kila mtu anajua kwamba ana arosto. Atahurumiwa au atafukuzwa, lakini hakuna atakayebisha kwamba mwili wake umeshafungwa. Huyu wa mwaloni anachekewa tu.

Wote wawili wana tatizo moja. Pombe hupoozesha ubongo, na ikiingia kila siku kwa miaka, ubongo nao hujikaza ili uendelee kufanya kazi. Hapo ndipo mtu humaliza chupa nzima asipepesuke, na kijiwe kikamsifu kwamba ana kichwa kigumu. Wataalamu wanaita hali hiyo usugu, na kwao ni dalili mbaya. Siku pombe isipokuja, ubongo uliojikaza unabaki kama lori lisilo na breki mteremkoni: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi unapotea. Wengine hupatwa na degedege kama ya kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Wachache, siku ya pili hadi ya nne, huanza kuona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo. Ndugu husema karogwa, na safari ya kwa mganga inaanza.

Hapo sasa ndipo kijiwe kinapokosea vibaya. Arosto ya heroini ni mateso makubwa, ya miayo, kamasi, kuhara na maumivu ya mifupa, lakini ni nadra yenyewe kumuua mtu. Kukatishwa pombe ghafla kunaweza kuua. Maana yake ni kwamba mlevi anayefungiwa chumbani na kaka zake “mpaka akili zimrudie”, au aliyelala mahabusu tangu msako wa juzi, anaweza kuwa hatarini kuliko teja ambaye mji mzima unamwogopa.

Hii haina maana kwamba kila anayekunywa ni mraibu. Mvuvi anayelewa siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa na mitumbwi imepumzika, kisha giza likirudi akarejea ziwani bila kutetemeka, anatumia pombe vibaya. Ana madeni, pengine na ugomvi nyumbani. Lakini mwili wake haujafungwa, na akiokoka au akitubu msikitini anaweza kweli kuacha siku ileile. Watu wa aina yake ndio wanaotolewa ushahidi: mbona fulani aliacha? Fulani hakuwa na ugonjwa wa huyu anayezimua. Wapo hata waraibu walioacha wenyewe, lakini kumtaka kila mmoja afanye hivyo ni kubahatisha na uhai wake.

Dharau hii ina umri mkubwa. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858, aliwaeleza watu wa ziwa kama walevi wa tembo la michikichi wanaovuta bangi hata ndani ya mitumbwi, kana kwamba ulevi ni damu yao. Kijiwe cha leo kingemtukana Burton kwa maneno hayo, na kingekuwa na haki. Halafu kinamgeukia jirani na kusema yaleyale: ndiyo tabia yake. Shirika la Afya Duniani lilikwishaachana na mgawanyo wa namna hiyo, uraibu upande huu na tabia upande ule, mwaka 1964, kamati yake ya wataalamu ilipopendekeza kwamba badala ya kutenga “waraibu” na “waliozoea tu”, litumike neno moja, utegemezi.

Serikali nayo haijasaidia sana kufuta mgawanyo huu. Kwa waraibu wa heroini, kliniki ya methadoni, dawa ya kuzuia arosto, ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, na nyingine zikafuata mikoani. Kwa mnywaji wa gongo kuna Sheria ya Moshi (ndiyo gongo) ya mwaka 1966 na madumu yanayomwagwa mbele ya kamera. Viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, hatua nzuri kabisa, ila aliyekuwa akitetemeka bila kiroba alibaki na tetemeko lake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, dawa za kulevya, milioni 0.6.

Tiba ya kumvusha mtu siku hizo za hatari si ya ajabu wala ya kuagizwa Ulaya. Ni diazepam, dawa ileile inayotuliza degedege za watoto, pamoja na vitamini B1, chini ya uangalizi wa daktari. Kikwazo kikubwa ni aibu. Katika mji wa dini kama Ujiji, mgonjwa hufikishwa hospitali akitetemeka na mama mkubwa akaapa kwamba mwanawe hanywi, hivyo anatafutiwa malaria huku saa zinakwenda. Aliye tayari kuacha asikate nyumbani kimyakimya. Aende hospitali akiwa bado anakunywa, aseme kiasi gani na mara ya mwisho saa ngapi. Na shehe au mchungaji anayetaka mtu avunje chupa leo mbele ya waumini amuulize kwanza kama mikono hutetemeka asubuhi. Akijibu ndiyo, dua iendelee, na usafiri wa kwenda Hospitali ya Maweni utafutwe siku hiyohiyo.