Masaa 48 Hayangoji Mutu Akumbuke



Siku moja kamarade wetu alikamatwa kisha mukutano. Dakika ileile habari ikaingia katika grupe ya WhatsApp. Huyu akaandika "Kuraje!", yule akatuma picha ya ngumi. Kila mutu alijua. Lakini nani alienda kutafuta avoka? Nani alipelekea jamaa yake habari? Kila mutu alizania mwenzake ameshafanya. Siku ya tatu mama yake akatuuliza: "Mutoto wangu iko wapi? Na nyinyi munafanya nini?" Tulinyamaza.

Moyo tulikuwa nao. Mutu wa kuhesabu masaa njo tulikosa.

Kifungu cha 18 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema wazi: mutu aliyewekwa kasho na polisi hawezi kupitisha masaa 48. Yakiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Tena iko na haki ya kupata palepale jamaa yake ao avoka wake. Lakini kama sisi wenyewe hatujui saa ngapi zimepita, tutadai nini pale mulangoni?

Njo maana ninasema: kazi ya kukumbuka tuiachie mashine. Kuna programu za kupanga kazi za kikundi, kama Trello. Kila kazi inakuwa kadi, na kadi inatembea toka orodha moja mpaka ingine. Unaandika kanuni mara moja tu: kadi ikiingia katika orodha ya "Waliokamatwa", programu iweke mwisho wa masaa 48, iongeze kazi za lazima (jamaa, avoka, chakula, munganga), na ijulishe watu watatu waliochaguliwa. Kisha pale inafanya yenyewe, hata saa nane ya usiku. Jambo moja tu: masaa yanaanza pale mutu alikamatwa, si pale kadi ilifunguliwa. Saa ya kweli lazima mutu airekebishe kwa mukono.

Mufano mwingine ni maandamano. Kifungu cha 26 kinadai wenye kuyapanga wapashe wakubwa habari kwa maandishi. Barua ile tunaiandikaka mara ngapi usiku wa mwisho, mbio mbio? Kadi ya maandamano ikifunguliwa, kadi ya barua ifunguke nayo, na jina la mwenye kuipeleka, na ukumbusho wa kuchukua akize ya kupokelewa.

Wengine watasema: "Sisi si kampuni, hatutaki mashine ituamuru." Ninawaelewa. Kwetu hakuna shefu. Lakini leo, pasipo kanuni, kazi zote zinaangukia wale wawili watatu wenye kukumbuka, na hao njo wanachoka na kutuacha. Kanuni tuliyoipitisha pamoja katika mukutano haina shefu ndani yake.

Hata hivi, tusiidanganye nafsi. Programu inaweza kupaka kadi rangi ya kijani na mutu iko angali kasho. Kwa hiyo kufunga kadi kubaki kazi ya mutu, yule aliyemuona kamarade kwa macho yake, nje. Mashine ikumbushe, isiseme "imekwisha".

Na usalama? Telefone inaweza kunyanganywa. Tusiandike majina ya mashahidi wala nyumba wanamolala. Namba inatosha, na ufunguo wa namba ubaki pengine. Halafu mutandao. Hatujasahau ginsi intaneti ilikatwa katika inchi nzima kisha uchaguzi, tangu 31 Desemba 2018 mpaka karibu siku 20. Kwa hiyo daftari moja la karatasi libaki, na kila komune, toka Mangobo mpaka Lubunga ngambo, iwe na mutu mwenye kulishika.

Juma hili kila kikundi kichague kazi tatu zenye kurudia na zenye kusahauliwa. Muandike kanuni zake, muzijaribu kwa kadi ya uongo, muone kama telefone italia kweli kwa watu watatu. Ikilia, mutu apande toleka aende.

Mama yule alituuliza swali. Siku ingine akiuliza, tuwe na jibu mbele ya masaa 48.