Namba ya Ndege Siyo Ndege

Wadau, leo nazungumza na wenzangu wa kalamu, pamoja na nyinyi mnaotusoma. Ndege ikianguka, jambo la kwanza tunalolikimbilia ni namba iliyoandikwa ubavuni. Tunaitafuta kwenye intaneti, tunapata picha, umri na majina ya waliowahi kuimiliki, kisha tunachapa. Hoja yangu ni fupi: namba ya ndege siyo ndege. Tukiendelea kuchanganya mambo haya mawili, ipo siku tutawapa wafiwa historia ya ndege ambayo ndugu zao hawakuipanda.

Gari la hapa Bongo likishapewa namba yake ya T, kwa kawaida huzeeka nayo hata likiuzwa mara kumi. Ndege sivyo. Kinachobaki nayo tangu kiwandani hadi inapokatwa kuwa chuma chakavu ni namba ya mtengenezaji, sawa na namba ya chesisi. Namba ya ubavuni ni mali ya nchi: 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema ndege haiwezi kusajiliwa katika nchi mbili kwa wakati mmoja, lakini inaruhusiwa kuhama. Ikihama inaiacha namba yake, na namba hiyo yaweza kupewa ndege nyingine kabisa.

Mfano uko nyumbani. Shirika la East African Airways lilikuwa na ndege 5 za Super VC10, zilizogawanywa kwa namba za nchi zote tatu. 5X-UVA iliungua Addis Ababa Aprili 1972 na watu 43 wakafa. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, zile 4 zilizobaki zilirudi Uingereza, zikafanywa ndege za kijeshi za kujazia wenzao mafuta angani. 5H-MOG yetu ikawa ZA150, ikaruka hivyo mpaka Septemba 2013. Ni bati lile lile, lakini ukiitafuta kwa namba ya Tanzania peke yake utadhani maisha yake yaliishia 1977.

Kwa nini namba zirudiwe? Kwanza, herufi zina mwisho. Baada ya 5H zinafuata herufi tatu, yaani michanganyiko 17,576, na hapo bado hujatoa iliyokatazwa kama SOS na PAN. Pili, makampuni hupenda herufi zinazofanana na majina yao, hivyo ndege mpya hurithi za ile iliyostaafu. Kila nchi ina utaratibu wake. Marekani mmiliki anaweza kuomba namba ya ndege yake ya zamani ihamishiwe kwenye mpya, ila usajili ukifutwa kwa kuisha muda, namba huwekwa kando miaka 5 kwanza. Uingereza, kwa desturi, herufi zilizokwisha kutumika hazipewi ndege nyingine.

Kuna watakaosema, "Sasa wewe, hayo si makaratasi tu?" Waulize Waliberia. Machi 2001 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1343, liliitaka Liberia isimamishe ndege zote zilizosajiliwa kwake zilizokuwa chini ya mamlaka yake, mpaka isafishe daftari lake na kueleza nani anamiliki nini. Wakati ule vita vya Sierra Leone vilikuwa vinalishwa silaha kwa njia ya anga, na daftari lisiloeleweka lilikuwa kichaka kizuri cha kujifichia. Aliyebadilisha namba hakuhitaji kubadilisha ndege.

Simwambii mtu kwamba kurudia namba ni kosa. Kosa ni kuirudia bila kuacha alama ya ilikotoka. Kwa hiyo nadai mambo matatu. Mosi, madaftari ya usajili ya nchi zetu zote za Afrika Mashariki yawe wazi kwenye intaneti, bure, kama ya Marekani na Uingereza, na yaoneshe kila ndege iliyowahi kubeba namba fulani, tangu lini hadi lini. Pili, namba ya ndege iliyoua watu izikwe nayo. Michanganyiko 17,576 haitaisha kwa ajili ya heshima hiyo. Tatu, sisi waandishi tusichape historia ya ndege yoyote kabla ya kulinganisha namba ya mtengenezaji. Ni kazi ya dakika chache.

Abiria analipa nauli yake na kukabidhi roho yake. Ana haki ya kujua amepanda nini, siyo kusoma tu kilichopakwa rangi ubavuni.

Naomba kutoa hoja.