Washa kwa Rimoti, Zima kwa Waya

Mwezi uliopita niliweka video nikisema waya ni mambo ya wazee, ati mashine zote za kiwanda zinafaa kuendeshwa kwa rimoti kama TV. Mliipenda sana. Lakini fundi mmoja aliyewahi kunifunza kazi alinitumia ujumbe mfupi: "Kijana, umesahau glavu?"

Leo nimerudi kujikosoa.

Kabla sijaacha chuo nilikaa miezi mitatu kwa karakana moja ya vyuma hapa Nairobi, sitaitaja. Kulikuwa na kreni mbili zinazotembea kwa reli juu, chini ya paa. Mwanzoni tuliziendesha kwa kidude cha vitufe kinachoning'inia kwa kebo. Hiyo kebo nilikuwa naichukia. Inabidi utembee karibu na mzigo kama mtu anavuta mbuzi. Mzigo wa chuma unabembea hapo juu, na huwezi kusonga mbali kwa sababu kebo imekufunga.

Kisha rimoti zikaja. Manze, nilifurahi! Unasimama mbali, mahali unauona mzigo wote. Hiyo faida ni ya ukweli, na bado naitetea.

Halafu siku moja Mzee alikuwa anafunga mnyororo kwa mzigo. Rimoti yake iko kiunoni, hajaigusa. Ndoano ikaanza kupanda yenyewe. Mnyororo ukakaza, mkono wake ukiwa ndani. Kumbe msee mwingine upande ule alikuwa ameokota rimoti mezani akidhani ni ya kreni yake, kumbe ni ile ya akiba ya kreni yetu. Zilikuwa za bei rahisi, zinafanana kama mapacha. Mzee alichomoa mkono, glavu ikabaki. Mimi nikakimbia ukutani nikagonga kile kitufe chekundu cha dharura. Kreni ikasimama papo hapo.

Kile kitufe kilikuwa cha waya.

Sasa elewa kinavyofanya kazi. Stima inapita ndani ya kitufe hicho wakati wote. Ukikigonga, njia inakatika, kontakta inaachilia, breki inabana. Hata waya yenyewe ikikatwa na panya, matokeo ni yale yale: mashine inasimama. Hakihitaji batri, wala hakiulizi ni rimoti gani inaongea.

Rimoti nzuri ya kreni nayo ina akili. Inatuma mawimbi bila kukoma, na kipokezi kikikosa kuyasikia kwa muda mfupi, mashine inasimama. Hiyo ni poa. Shida ni pale mawimbi yanasikika vizuri lakini yametoka kwa mtu asiyefaa.

Na hii si stori ya karakana yetu tu. Mwaka 2008, mjini Łódź, Poland, kijana wa miaka 14 alibadilisha rimoti ya TV akaweza kugeuza njia za reli za tramu. Tramu nne zilitoka kwa reli, watu 12 wakaumia. Miaka 14! Mwaka 2019, watafiti wa Trend Micro walitoa ripoti baada ya kujaribu rimoti za kreni huko Italia, kwa ruhusa ya wenyewe. Waligundua kuwa unaweza kurekodi mawimbi ya rimoti nyingi, kisha uyarushe tena, na kreni itii kama imeambiwa na mwenyewe.

Najua kuna mtu atasema waya pia huharibika. Ni kweli. Kebo yetu ya zamani ilikuwa imefungwa tepu mahali pengi kuliko ndoo ya mtaani. Na nimesikia mafundi wakiruka kitufe cha dharura kwa kipande cha waya ili kazi isisimame. Hapo waya haikusaidii chochote, umejidanganya mwenyewe.

Kwa hivyo msimamo wangu mpya ni huu. Kusogeza mzigo, tumia rimoti, usikae chini ya chuma. Kupima joto la tangi lililo mbali, tumia sensa isiyo na waya, utaokoa kebo na pesa. Lakini kuzima, pale mkono wa mtu uko ndani, lazima kuwe na kitufe cha waya ambacho yeyote aliye karibu anaweza kukifikia.

Wewe unayeanza kazi kiwandani wiki ijayo, usione haya kuuliza siku ya kwanza: Kitufe chekundu kiko wapi? Kilijaribiwa lini? Rimoti ya akiba inawekwa wapi, na nani ana funguo? Wakikucheka, wacha wacheke. Vidole ni vyako.

Mzee bado ana vyake kumi. Kwako kazini kitufe kiko wapi? Kama hujui, kesho kitafute kabla hujawasha chochote, kisha urudi uniambie.