Selimundu Iingie Kwenye Mafundisho ya Ndoa

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima, wa kupendeza. Miezi ya kwanza analindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Inapopungua, karibu na miezi sita, vidole vinavimba na kilio cha usiku kinaanza. Hapo ndipo, huku kwetu Temeke, nyumba nyingine huanza kumtafuta mchawi. Mara nyingi anapatikana: jirani, bibi, au mama mwenyewe.

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya selimundu hujikunja kama mundu na kufa ndani ya siku 10 hadi 20, uloto usiwahi kufidia. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hii kila mwaka. Baba na mama wote wakiwa na kinasaba hicho, hata kama ni wazima kabisa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne.

Basi mafundisho ya ndoa yanayogusa hadi rangi ya sare za kamati (nimeyasikia) yanashindwaje kuwaambia wachumba wakapime damu? Wengine wanahofia uchumba utavunjika. Huenda ukavunjika. Afadhali waamue wakijua kuliko kulaumiana wodini.

Na tusichanganye mambo. Kanisa linakataa kuua viinitete ili kupata seli. Kupandikiza uloto wa ndugu halijakataa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawafanyia hivyo watoto wa selimundu. Familia ikichangisha nauli ya kwenda huko, itangazwe baada ya Misa, pamoja na mchango wa paa.