MAONI YETU: Namba ya nyumba isiishie ukutani

Nyumba ikishika moto usiku Manzese, anayepiga 114 huanza kueleza: njooni mpaka kituoni, piteni duka la dawa, mkifika kwenye mwembe ulizeni. Gari la zimamoto linaulizia njia huku paa linateketea. Mjamzito anayesubiri gari la wagonjwa yumo katika shida hiyohiyo. Hao ndio wa kwanza kuhitaji anwani za makazi, kabla ya wenye biashara za mtandaoni.

Serikali ilithubutu. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, ikaenda mbio ili iwahi Sensa ya Agosti 23 mwaka huohuo. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiingiza kwenye simu mahali ilipo kila moja. Nguzo za majina ya barabara zikasimikwa, namba zikaandikwa kutani, mfumo wa kidijitali wa anwani, NaPA, ukaanza kutumika. Postikodi ya tarakimu tano tulikuwa nayo, lakini inaishia kwenye kata, na kata moja ya Dar es Salaam yaweza kuwa na makumi ya maelfu ya watu.

Tangu hapo rangi imefifia, na nguzo nyingine zimeng'olewa zikauzwa kama vyuma chakavu. Hayo yanarekebishika. Kubwa zaidi ni kwamba mji haukusubiri. Goba, Chamazi na Kivule kuta mpya zinapanda kila siku, viwanja vinakatwa vipande. Nyumba iliyochipuka kati ya namba 12 na 13 iitweje? Namba zikipangwa kwa umbali kutoka mwanzo wa barabara, nafasi inakuwapo. Zikipangwa kwa kufuatana tu, zinaanza A, B na C mpaka mgeni anapotea. Jambo hili asiachiwe kila mtendaji wa mtaa aamue lake. Kanuni iwe moja, Mbeya hadi Mwanza.

Wenye nyumba zilizojengwa bila kibali nao wapewe namba. Namba si hati ya kiwanja, haimhalalishii mtu ardhi, inamwezesha kupatikana. Kuwaruka ni kuwaacha wengi wa wakazi wa miji yetu.

Halafu namba itumike. Leo mwenye nyumba mmoja ana namba ya mita ya umeme, namba ya akaunti ya maji, na fomu bado inamdai S.L.P., ambayo haisemi analala wapi. Tanesco, mamlaka za maji, NIDA na mabenki wasome daftari moja la anwani.

Tunazitaka halmashauri zitenge fungu la kazi hii kila mwaka, na mtendaji wa mtaa awekewe siku saba za kusajili nyumba mpya. Nawe msomaji, kama nyumba yako haina namba, nenda ofisi ya serikali ya mtaa wiki hii ukaidai.