Mtoto Apimwe, Mzazi Asihukumiwe

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, mama ambaye mwanawe bado anatambaa ilhali watoto wa rika lake wanakimbizana uani hukosa usingizi. Jirani mmoja humwambia kuwa mtoto mnene huchelewa tu. Mwingine hunong'ona kwamba pana mwiko uliovunjwa. Basi aitwapo kumpeleka mtoto kwenye uchunguzi wa makuzi, huenda kama mshtakiwa aendaye barazani. Hofu hiyo yaeleweka, lakini yafaa iondolewe, kwa kuwa huharibu kipimo chenyewe.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza matokeo ya kuwafuatilia watoto 816 wenye afya katika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba mtoto huanza kutembea peke yake kati ya umri wa miezi 8.2 na miezi 17.6. Watoto 98 hivi katika kila 100 huangukia ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo umri wa kutembea si siku moja, bali ni kipindi kirefu chenye mwanzo na mwisho. Mtoto wa miezi 13 asiyetembea hajachelewa; wa miezi 18 asiyetembea anastahili kuchunguzwa bila kukawia.

Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto afikapo miezi 9, na tena afikapo miezi 18. Ziara hiyo ya pili huja mara tu baada ya mpaka uliotajwa. Ni fursa isiyofaa kupotezwa kwa sindano na mizani pekee. Siku hiyo mtoto atazamwe pia jinsi atembeavyo, asikiavyo, asemavyo na achezavyo.

Mzazi naye ajiandae. Achukue kadi ya kliniki. Akumbuke kama mtoto alilia mara alipozaliwa, kama alipata manjano, degedege au homa kali. Nyumbani amwite kwa nyuma bila kuonekana, aone kama atageuka. Ahesabu maneno ayasemayo, na yale ya Kiha yahesabiwe sawasawa na ya Kiswahili. Mtoto afike ameshiba na amelala. Asifundishwe usiku kucha ili "afaulu", wala mzazi asijibu kwa niaba yake, maana kinachotafutwa ni hali yake halisi.

Mpimaji pia ana wajibu. Mtoto wa mkulima akipewa vitu asivyopata kuviona, atanyamaza, na ukimya wake utadhaniwa kuwa upungufu. Watafiti nchini Malawi waliliona jambo hili. Mwaka 2010 walichapisha kipimo kilichojaribiwa kwa watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini, chenye maswali na vitu vinavyolingana na maisha yao. Kikombe, kata na gunzi la hindi vyaweza kufunua akili ya mtoto wa Kibondo kuliko picha za ng'ambo, na maelekezo yatolewe kwa lugha aisikiayo nyumbani.

Wako wasemao kwamba kupima ni bure mahali ambapo wataalamu wako mbali. Hoja hiyo haitoshi. Familia ikijua mapema kwamba mtoto hasikii, yaweza kuanza kuzungumza naye kwa ishara mara moja, badala ya kumwita mkaidi mpaka afike umri wa shule. Mwenye viungo vikakamavu aweza kusaidiwa kuketi na kucheza na wenzake. Miaka ya mwanzo, ubongo unapokua kwa kasi, haingoji.

Hapa mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake wana kazi. Mstari wa miezi ukichorwa ubaoni na mipaka yake ikaonyeshwa, somo la baiolojia litafika hadi jikoni. Mwanafunzi aliyelielewa aweza kumwandikia mama yake mambo ya kumweleza mganga, na kumsindikiza kliniki na mdogo wake mgongoni.