Simu, Zenit na Uso wa Baba Mkwe

Kwangu amani iliyumba kidogo hivi karibuni, na chanzo chake, huwezi kuamini, ni kamera ya mkanda.

Ilikuwa hivi. Baba mkwe alikuja kwetu Segerea kutoka Tabora kwa ajili ya matibabu ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwenye begi lake, katikati ya asali na karanga alizotuletea, kulikuwa na Zenit-E aliyoinunua akiwa masomoni Urusi mwishoni mwa miaka ya 1970. Wewe uliyekulia kwenye simu ngoja nikueleze: hiyo ni kamera ya chuma, nzito kama tofali, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965 huko Krasnogorsk, karibu na Moscow.

"Mwanangu, mimi sioni tena sawasawa," akaniambia. "Itumie wewe."

Kwa nini mimi na si mwanawe? Hapo ndipo penye hadithi. Mume wangu na baba yake ni watu wa shikamoo, habari za mvua, basi. Hawajagombana, ila hawajawahi kukaa wakaongea. Nikajisemea moyoni, kabla Mzee hajarudi Tabora lazima nipate picha yao wawili, picha ya kweli ya kutundika ukutani, siyo moja kati ya zile elfu mbili zilizolala kwenye simu.

Tatizo likawa mwanga. Kamera ya mkanda haikufikirii. Wewe mwenyewe ndiye unayepanga tundu la lenzi lifunguke kiasi gani, na shata ikae wazi kwa muda gani. Ukizidisha, picha inaungua. Ukipunguza, inatoka giza. Na majibu huyapati papo hapo, unasubiri mpaka mkanda usafishwe. Zenit ina kipima mwanga chake pale juu ya lenzi, cha seleniamu, kisichotumia betri. Lakini seleniamu nayo huzeeka. Sindano ya kamera ya Mzee ilikuwa imelala, ukiielekeza juani wala haishtuki.

Nikajiona mjanja. Nikapakua programu ya bure ya kupima mwanga kwenye simu. Unaiambia mkanda wako ni ASA ngapi (siku hizi wanaita ISO), unaelekeza kamera ya simu kwenye kile unachotaka kupiga, inakupa namba mbili: tundu na shata. Unazihamishia kwenye Zenit, unapiga. Raha iliyoje!

Saa kumi jioni nikamkalisha Mzee barazani, kwenye kivuli. Nyuma yake ukuta mweupe wa uzio unawaka jua. Nikasimama hatua nne, nikapima: shata 250, tundu 11. Nikapiga. Siku zilizofuata nikamaliza picha zote 36 kwa mtindo huo huo. Shemeji yangu akaupeleka mkanda Nairobi kusafishwa, picha zikatangulia kwa WhatsApp.

Jamani! Ukuta ulitoka umependeza, kila tofali linahesabika. Mzee alikuwa kivuli chenye kofia.

Mume wangu akaangalia zile picha, halafu akaniangalia mimi. "Hiyo hela si bora ungenunua unga?" Maneno yakafuatia mengine, nami sikubaki nyuma, na mwisho tukanuniana siku mbili nzima. Wote tulijua haikuwa habari ya unga. Mimi nilikuwa nahangaika na baba yake kuliko yeye, na hilo lilimuuma.

Aliyeniokoa ni Mzee. Aliposikia picha zimeharibika akauliza swali moja tu. "Ulipima ukiwa wapi?"

"Hapo hapo nilipopigia, Baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi ulipima ukuta. Mimi hukunipima."

Akanipa somo ambalo sikulipata chuoni pamoja na masomo yote ya habari. Kipima mwanga hakijui nani ni mtu na nini ni ukuta. Kinachukua mwanga wote kilioelekezewa na kukisia kwamba kitu hicho kina rangi ya wastani, kijivu, si cheupe wala si cheusi. Ukikionyesha ukuta mweupe unaowaka jua, kinadhani mwanga ni mwingi kupita kiasi na kukuambia upunguze. Mtu wako wa kivulini ndiye anayelipa gharama.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tumeilipa gharama hiyo muda mrefu. Kwa miongo kadhaa Kodak ilizipelekea studio kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hiyo ikapewa jina la Shirley. Uso wake ndio uliokuwa kipimo cha rangi ya ngozi. Fungua albamu za harusi za wazazi wetu: gauni la bibi harusi linang'aa, nyuso unazitafuta. Mpiga picha mzuri wa mtaani alijua namna ya kurekebisha. Wengi hawakujua.

Sasa shika haya, kama na wewe umerithi kamera ya babu:

Kwanza, sogea. Peleka simu karibu na uso mpaka ujaze kioo, mwili wako usimzibie mwanga. Soma namba, ndipo urudi nyuma upige.

Pili, simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga upande wa mbele, kile kinachopunguza ukali wa kioo usiku. Programu nyingine hukitumia. Hapo unaiweka simu pale ulipo uso, kioo kikiangalia kamera. Inapima mwanga unaomwangukia mtu, na rangi ya ngozi au ukuta haiidanganyi.

Tatu, weka akiba kichwani. Jua kali la Dar, mkanda wa ASA 200: tundu 16, shata 250. Namba za simu zikiwa mbali sana na hapo mchana wa jua, jiulize umepima nini.

Nne, nukuu ya Mzee: "Ukikosea, kosea kwenye mwanga." Mkanda wa negativu huvumilia mwanga uliozidi kidogo kuliko uliopungua.

Jumapili iliyofuata, mkanda wa pili. Mzee barazani, na mara hii mwanawe pembeni yake. Nilimwomba mume wangu ashike simu apime uso wa baba yake. Alisita, kisha akasogea. Sijui mara ya mwisho kuwa karibu hivyo na uso ule ilikuwa lini.

"Inasemaje?" Mzee akauliza.

"Shata 125, tundu 4, Baba."

Ukilinganisha na namba zangu za kwanza, hiyo ni tofauti ya mwanga mara kumi na sita. Baraza ni lile lile, saa ni ile ile.

Picha zilirudi Mzee akiwa ameshafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Tukampa ile ya wawili. Akaishika mbali, akaileta karibu, akainua kichwa na kumtazama mwanawe moja kwa moja.

"Kumbe na wewe una mvi," akasema.

Jioni ile walikaa barazani mpaka mbu wakawafukuza. Mimi nilikuwa jikoni, sikusikia walichoongea, na sikuuliza.

Msomaji wangu, wangapi tunawahukumu wenzetu kwa kuwapima kutoka hatua nne, huku ukuta wa nyuma ukitudanganya? Mwezi huu sogea kidogo.

Tukutane toleo lijalo. Na kama kuna kamera ya mzee imelala kabatini, iamshe.